Safari ya Kigoma Isimnyime Abiria Maji

Wazoefu wa mabasi yaendayo Kigoma kutoka Dar es Salaam humpa mgeni wa njia hiyo onyo moja: asinywe maji hovyo. Maji yenyewe hayana kosa. Basi likishatoka stendi alfajiri, dereva hasimami kwa shida ya mtu mmoja, na akisimama huenda ikawa porini, abiria washuke wakachimbe dawa vichakani, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Mjamzito, mzee mwenye kisukari na mama aliyepakata mtoto hufikia uamuzi uleule, kwamba ni heri kiu kuliko aibu. Hukaa na midomo mikavu tangu Morogoro, na chupa ya maji waliyoinunua wakiondoka hufika Dodoma haijafunguliwa.

Kiu hiyo huumiza. Mkojo ukizuiliwa kwa saa nyingi, bakteria hupata nafasi ya kuzaliana kwenye kibofu, na wanawake ndio huumia zaidi kwa kuwa njia yao ya mkojo ni fupi. Mwenye kisukari ambaye sukari yake imepanda hupoteza maji haraka kuliko jirani yake wa kiti cha pili, hivyo kujinyima kunywa kunamzidishia tatizo. Kukaa bila kunyoosha miguu nako kuna madhara. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitangaza matokeo ya utafiti ulioonyesha kwamba safari ya kukaa kwa saa 4 au zaidi huongeza karibu mara mbili uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa ya ndani ya miguu. Kwa abiria mmoja mmoja hatari bado ni ndogo. Lakini saa 4 kutoka Dar es Salaam hazifikishi mtu hata robo ya safari yake, kwani Kigoma iko zaidi ya kilomita 1,200.

Kisha basi huingia kwenye hoteli ya njiani na konda anatangaza dakika kumi. Ndani ya dakika hizo abiria hamsini na zaidi wanagombea choo, bomba la kunawia na dirisha la chakula. Anayeanza na choo hukosa chakula, anayeanza na chakula hula na mikono ya safari nzima. Aliyejinyima maji tangu asubuhi hukata kiu kwa soda, na soda nyingi za kola zina gramu kama 10 za sukari katika kila mililita 100. Chipsi zilizokaangwa mapema hupashwa joto kidogo tu, kachumbari inarushwa juu, na watu wanarudi vitini wakitafuna.

Hapo ndipo lawama hutupwa kwa mama lishe na chakula cha njiani. Mara nyingi lawama hiyo haina haki. Chakula kilichochemka au kuiva motoni na kuliwa papo hapo, kikiwa bado kinatoa moshi, ni salama hata kikipikwa chini ya mwembe. Wasiwasi uanzie kwenye kilichopikwa kikaachwa. Vijidudu vingi vya tumbo huzaliana kwa kasi katika uvuguvugu, kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi, na sufuria iliyofunikwa tangu asubuhi hukaa humo humo. Wali na pilau vina hila yao. Mchele hubeba mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus ambazo haziuawi na kuchemka. Wali ukiachwa vuguvugu, mbegu hizo huamka na kutengeneza sumu, na sumu ile inayoleta matapishi haiondoki hata wali ukipashwa moto upya. Ndiyo sababu abiria hula pilau saa tisa alasiri na kuanza kutapika kabla ya magharibi, akidhani ni kona za barabara. Kachumbari nayo huoshwa kwa maji yaliyopo, haipiti motoni, na ina wateja waaminifu.

Wanaopanda treni wana nafuu kubwa. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na tangu enzi hizo stesheni zake zimekuwa masoko ya madirishani. Wauzaji hubeba kwenye sinia na ndoo mayai ya kuchemsha, karanga, ndizi, machungwa, mahindi ya kuchoma na maembe ya msimu, na ukanda wa Tabora unaongeza asali yake. Tazama orodha hiyo kwa jicho la daktari. Yai lina ganda, ndizi ina ganda, chungwa lina ganda, karanga ni kavu, hindi limetoka motoni. Kwa uzoefu tu, bila semina wala kipeperushi, wauzaji wa stesheni walichagua vyakula ambavyo mkono mchafu hauviharibu kirahisi. Ndani ya behewa kuna choo, na mtu anaweza kusimama akatembea. Abiria wa treni anaweza kunywa maji yake bila kuhesabu kilomita, na tofauti hiyo huonekana usoni mwake akishuka Kigoma.

Ukifika, kula. Wageni wengi hutua mwambao wa Tanganyika wakiwa na hofu, wakasaka biskuti na vyakula vya kopo madukani, ilhali vyungu vya Kigoma na Ujiji vina mlo ambao msafiri aliyechoka hapati bora kuliko huo. Mgebuka uliochomwa au kuungwa kwa mawese, ugali wa muhogo, dagaa, na siku ya bahati kipande cha samaki wengine wa ziwa, kuhe au sangala. Dagaa huliwa mzima na mifupa yake, hivyo humpa mlaji protini na chokaa kwa pamoja. Mawese ambayo hayajasafishwa viwandani yana wekundu wake kwa sababu yana karotini nyingi, ile ambayo mwili huigeuza vitamini A. Unga wa muhogo mchungu huwa salama kwa sababu muhogo huo huvundikwa majini siku kadhaa na kukaushwa, kazi inayoondoa sumu yake ya asili. Kazi hiyo ikifanywa kwa pupa, kama ilivyotokea Tarime mwaka 1985 wakati wa ukame, watu hupooza miguu kwa ugonjwa wa konzo. Mapishi ya kienyeji yana elimu ndani yake, na anayeyadharau huwa hajui anachokidharau.

Neno moja juu ya dagaa wa kununua. Wavuvi huingia ziwani kwa taa katika usiku wa giza na hupumzika mwezi unapokuwa mpevu, kwa hiyo dagaa wabichi hawapatikani kwa wingi ule ule kila wiki. Mwaka 2024 uvuvi ulisitishwa upande wa Tanzania kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Katika vipindi kama hivyo msafiri amuulize muuzaji samaki wamekaa muda gani, swali ambalo halimtukani mtu yeyote Kigoma. Na dagaa wa kubeba nyumbani wachaguliwe waliokaushwa juu ya chanja, kwa kuwa waliotandazwa mchangani huokota mchanga pamoja na kila kilichopita juu ya mchanga huo, wakiwemo kuku na mbuzi.

Historia ya Ujiji inatoa ushahidi juu ya nguvu ya mlo kwa msafiri. Wavumbuzi Richard Burton na John Speke walifika hapo Februari 1858, Burton akiwa amedhoofishwa na homa kiasi cha kushindwa kutembea, Speke akiwa karibu haoni. David Livingstone aliingia Ujiji Oktoba 1871 akiwa amekonda mno kwa kuhara damu na njaa, baada ya miaka mingi njiani na sanduku lake la dawa kuibwa mwaka 1867. Shehena aliyotarajia kuikuta ilikuwa imekwisha kuuzwa. Henry Stanley alipomkuta, kilichomrudisha mgonjwa yule uhai kilikuwa chakula kizuri kilicholiwa mara kwa mara kwa siku, na baada ya muda mfupi wawili hao walikuwa ndani ya mtumbwi wakienda kaskazini kuuchunguza mto Rusizi. Mbu na maji machafu ndio waliowaangusha wasafiri hao, na mlo ndio uliowainua walioinuka.

Kisa cha Julai 1960 kinasimuliwa mara chache. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe aliyefariki Oktoba 2025, alitua Kigoma na mama yake Vanne akiwa njiani kwenda Gombe. Mji ulikuwa umejaa Wabelgiji waliovuka ziwa kukimbia machafuko ya Kongo. Mama na binti waliungana na wenyeji wao kutengeneza sandwichi 2,000 za nyama ya kopo kwa ajili ya wakimbizi hao. Kisha wakaenda Gombe bila dawa za malaria, kwa kuwa waliambiwa huko hakuna malaria, na wote wawili wakaugua kwa takriban wiki mbili. Vanne alipopata nafuu aliendesha kijizahanati cha kuwahudumia wavuvi wa jirani. Ushauri ule wa mwaka 1960 bado una wafuasi wake, wanaosema kwamba upepo wa ziwa hufukuza mbu. Utafiti wa kitaifa wa malaria wa mwaka 2017 uliwapima watoto wa chini ya miaka mitano na kukuta vimelea kwa watoto 24 kati ya kila 100 mkoani Kigoma, wakati wastani wa nchi ulikuwa 7. Msafiri abebe chandarua chake, na homa yoyote ndani ya safari au baada yake ipimwe siku hiyo hiyo.

Lakini hakuna tukio linaloeleza afya ya wasafiri wa ziwa hili kama lile la Kagunga.

Kagunga ni kijiji cha wavuvi kwenye mpaka na Burundi, kimebanwa kati ya maji na milima mikali. Mwaka 2015 barabara haikufika huko, na njia ilikuwa ziwa. Aprili mwaka huo Burundi ilipoingia katika ghasia za kisiasa, makumi ya maelfu ya watu walimiminika kwenye ufuko huo mwembamba wakisubiri chombo cha kuwapeleka Kigoma mjini na kisha kambi ya Nyarugusu, Kasulu. Chombo kikuu kilikuwa MV Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande kwa meli na reli hadi Kigoma, ikazamishwa mwaka 1916 wakati wa vita, ikaibuliwa na kurudi kazini mwaka 1927. Ilibeba watu kama 600 kwa safari moja. Kwa kuwa haikuweza kutia nanga ufukoni, abiria walipelekwa kwake kwa mitumbwi. Umati uliobaki ulilala mchangani, ukila ulichokuwa nacho, ukijisaidia palipopatikana na kunywa maji ya ziwa lile lile.

Kipindupindu hakikuchelewa. Kufikia tarehe 21 Mei wagonjwa walioripotiwa walikuwa kama 3,000, wengine 300 hadi 400 wakiongezeka kila siku, na watu 31 walikuwa wamefariki, 29 wakiwa wakimbizi na wawili Watanzania. Wakimbizi hao walikuwa wasafiri. Walikuwa na safari ya saa chache tu ziwani, na kilichowaua kilikuwa kukosa maji ya kunywa na choo mahali pa kusubiria.

Vifo vingeweza kuwa vingi kuliko hivyo kama si elimu iliyopatikana katika umati mwingine wa wakimbizi. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu katika kambi ya Bangaon, India. Akaamua kuwanywesha wagonjwa wa kipindupindu maji yenye chumvi na sukari kwa vipimo maalumu, yakigawiwa na ndugu wa wagonjwa. Vifo, vilivyokuwa vimefika kama 30 kati ya wagonjwa 100, vilishuka hadi chini ya 4. Leo dawa hiyo ipo kwenye pakiti ya ORS inayoenea mfukoni mwa shati. Pakiti ya kawaida huchanganywa na lita 1 ya maji safi. Pakiti isipopatikana, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazisha, katika lita 1 ya maji yaliyochemshwa hufanya kazi hiyo hiyo hadi mgonjwa afikishwe zahanati. Mtu mzima mwenye kipindupindu kikali anaweza kupoteza hadi lita nzima ya maji kwa saa, kwa hiyo kusubiri kupambazuke ndipo atafutwe boda ni kuchelewa. Mtoto wa chini ya miaka mitano anayeharisha hupewa pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. Familia inayosafiri na mtoto bila pakiti hizo imesahau kitu cha lazima kuliko nguo za kubadilisha.

Kinachowaponza wengi kwenye mwambao huu ni uzuri wa ziwa lenyewe. Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili duniani kwa kina, na maji yake ni maangavu kiasi cha kuonyesha mawe ya chini. Abiria wa boti za kwenda Mwamgongo na vijiji vingine vya kaskazini huinama ubavuni, akachota kwa kikombe na kunywa. Macho yanamwambia maji ni safi, ila bakteria wa kipindupindu haonekani kwa macho. Ng'ambo ya maji hayo, Kalemie na Uvira nchini Kongo, ugonjwa huo umekuwa ukirudi kwa miaka mingi, na boti, wavuvi na wafanyabiashara huvuka kila siku. Kichocho nacho kipo katika sehemu za ufuko zenye konokono wake, na hicho hakihitaji mtu anywe. Hupenya kwenye ngozi ya anayeoga au kusubiri boti akiwa amesimama majini.

Hata hivyo uangavu huo unaweza kumfaa msafiri. Chupa ya plastiki isiyo na rangi ikijazwa maji maangavu na kulazwa juani kwa saa 6, miale ya jua huua vijidudu vingi vya tumbo. Njia hiyo hushindwa kwenye maji ya tope, kwa hiyo maji ya Tanganyika yanaifaa kuliko ya mito mingi ya nchi hii, na juu ya boti jua halikosekani. Siku ya mawingu mazito ataongeza muda hadi siku mbili au atumie dawa ya kutibu maji kama WaterGuard. Mwenye jiko achemshe. Kwa kimo cha ziwa hili, mita kama 770 juu ya usawa wa bahari, dakika 1 ya kutokota sawasawa inatosha, na hakuna haja ya kumaliza mkaa.

Hayo ndiyo msafiri anayoweza kujifanyia, na afanye. Ila kuna ushauri wa afya ya safari unaoishia kwenye begi la abiria, kana kwamba anayelipa nauli ndiye mwenye basi, mwenye stendi na mwenye gati. Kwa hapo ushauri huo unakosea. Mama aliyejinyima maji kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma hakukosa maarifa, alikosa choo. Wakimbizi wa Kagunga walijua kwamba maji machafu yanaua, ila hawakuwa na mengine. Sabuni haimsaidii mtu aliyepewa dakika kumi na bomba moja kwa abiria hamsini.

Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, husimamia leseni, nauli na ratiba za mabasi hayo. Iwe na masharti ya mapumziko pia, yaani kituo chenye vyoo na maji ya kunawa kila baada ya saa chache, na nusu saa kamili ya kula, iandikwe kwenye tiketi ili abiria aweze kuidai mbele ya konda. Hoteli za njiani hupata wateja wengi kwa kupangiwa mabasi, hivyo zikaguliwe kwa kipimo hicho kabla ya kupata wateja hao. Mwenye basi atasema nusu saa inachelewesha safari. Kweli inachelewesha, na ratiba ipangwe upya kwa hesabu hiyo.

Upande wa ziwa wahusika ni Manispaa ya Kigoma Ujiji, halmashauri za wilaya zinazopakana na maji na wasimamizi wa bandari. Kila mwalo unaopakia abiria, kuanzia Kibirizi hadi vijiji vya mpakani, uwe na tangi la maji yaliyotibiwa, vyoo vya wanaume na wanawake, na mtu anayelipwa kuvisafisha. Kigoma imekuwa ikipokea watu wanaovuka maji kwa dharura tangu 1960 na kabla yake, na hakuna dalili kwamba mipaka ya ziwa hili imetulia moja kwa moja. Mvua za mkoa huo huanza kati ya Oktoba na Novemba, na zikianza hubeba uchafu wa milimani hadi ufukoni. Kazi hiyo ianze kabla ya mvua, na Kagunga iwe ya kwanza kwenye orodha.